Jiwe Lililopoteza Umri

Watu wa kwetu wakisikia kwamba kazi yangu ni kuokota mawe ya chuma na kuyatuma Ulaya, swali lao la kwanza ni kama ndani yake kuna koltani, yale madini ya kutengenezea simu. Nikisema hakuna, hunitazama kwa huruma. Wengine hukonyezana. Hakuna mtu kwetu Masisi, mashariki ya Kongo, anayeamini kwamba mwanamke mzima, mwenye shahada, anapanda mlima na nyundo mkononi kwa ajili ya jiwe ambalo hata la kujengea choo si zuri sana. Mwendesha pikipiki anayenibeba tangu nianze kazi hii hadi leo anaamini ninamficha kitu.

"Dada, miye sisemake mambo ya batu," huniambia akifunga mfuko wangu nyuma ya kiti. "Lakini siku moja utanielezea ni nini iko mule."

"Ni chuma ya bure, kaka."

"Sawa. Ya bure." Na hucheka mpaka kofia inamtelemkia machoni.

Kwa kweli ni chuma cha bure. Sisi wa kazi hii tunakiita gamba. Mvua ikinyesha miaka isiyohesabika juu ya nchi yenye joto, huosha karibu kila kitu kutoka kwenye udongo, kinachobaki ni chuma. Msimu wa mvua chuma kinatembea na maji chini ya ardhi, msimu wa kiangazi kinaganda. Kikiganda vya kutosha kinakuwa ukoko mgumu, wa rangi ya kahawia yenye unjano, na jembe likiupiga linarudi. Ndani ya chembe zake kuna urani kidogo sana, na urani hiyo, ikichakaa polepole, inaacha gesi iitwayo heliamu. Gesi inakaa mle mle, haitoki. Ukiwa na mashine nzuri, unapasha chembe moto, gesi inatoka, unaipima, na kutokana na kipimo hicho unajua gamba liliganda lini. Ukijua liliganda lini, unajua ni lini nchi hii ilikuwa na mvua nyingi na ni lini ilikauka. Nyundo ni yangu, mashine ni ya Ulaya. Ndivyo tulivyogawana kazi.

Kuna jambo jingine ninalolipenda, au nililolipenda zamani nilipokuwa bado ninapenda vitu. Gamba huganda mahali pa chini, maji yanapokusanyika. Kisha mmomonyoko unakula udongo laini wa pembeni, gamba linakataa kuliwa, na baada ya mamilioni ya miaka kile kilichokuwa bonde kinajikuta kilele. Mgongo wa mlima ulio juu ya nyumbani kwetu, njia ya kwenda Pinga, Masisi inapoanza kuingia Walikale, ni wa namna hiyo. Nilipomweleza mama kwamba pale juu palikuwa chini, aliniuliza ni nani aliyekuwepo akaona, au nimedanganywa.

Mama wakati huo alikuwa Kitshanga, kambini, kama watu wengine wote wa kwetu. Walikimbia vita asubuhi moja, kila mtu na alichokishika. Kaka yangu, mdogo wangu kwa kuzaliwa, alikataa kukimbia. Alisema ng'ombe hawawezi kukimbia kwa mwendo wa watu, na kwamba atawapitisha juu mgongoni, atawafuata jioni. Jioni hakuja. Wala miezi iliyofuata.

Kwetu kilio hakikaliwi kwa uvumi. Sisemi ni desturi ya Wahunde wote, ninasema ni ya ukoo wetu. Mpaka atokee mtu aliyeona kwa macho yake, awaambie jamaa alipolala marehemu na namna alivyolazwa, hakuna kukaa matanga, hakuna kunyoa, hakuna kumwita mchungaji wa kanisa. Kumlilia aliye hai ni kumfungia njia ya kurudi. Kwa hiyo mama hakulia. Wanawake wa kambini walinong'ona kwamba moyo wake ni mgumu. Yeye aliendelea kuteka maji, kuomba chakula, na kuuliza kila aliyetoka upande wa Pinga kama hakuona kijana mrefu mwenye ng'ombe wawili, mmoja amevunjika pembe.

Mimi nilikuwa Goma, nilikwisha amua kwamba amekufa. Nilisema hivyo peke yangu, kwa sauti ya kawaida, na sikuhisi kitu. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilisahihisha mitihani ya wanafunzi, nilikula bugali, nilicheka mahali pa kucheka. Habari za vita zilipita redioni na mimi nilikuwa ninatafuta betri ya kifaa changu cha kupimia mahali. Mtu akiniuliza habari za nyumbani nilisema ni nzuri, naye aliitikia vizuri, kisha tukaachana.

Kuna wakati njia ilifunguka. Si amani, ni kupumua tu. Mwalimu wangu wa Ulaya alikuwa amenikumbusha mara nyingi kuhusu gamba la mgongo ule, kwa sababu hakuna aliyewahi kulipima na lingeweza kusema mengi kuhusu mvua za zamani za upande wetu. Nikapitia Kitshanga kumsalimu mama. Alinipa viazi vitamu vya kuchoma kwenye jani, akasema neno moja tu.

"Ukifika kule, uniangalizie mutoto wangu."

Nyumba haikuwepo. Kulikuwa na ukuta mmoja uliosimama kwa ukaidi, na mboga za maboga zilizojiotea zimeupanda mpaka juu. Niliita jina lake mara moja, kwa adabu, kama unavyobisha hodi mahali unapojua hakuna mtu. Kisha nikamwambia mwendesha pikipiki anisubiri, nikapanda.

Juu kulikuwa na manyunyu. Gamba lilikuwa kama nilivyolikumbuka, uwanja mtupu usioota mti, rangi ya kahawia kila upande. Nilivunja sampuli hapa na pale, nikaandika namba kwenye mifuko. Karibu na ukingo, mahali gamba linapotokeza kama dari na kuacha kijipango chini yake, niliona kitu kilichonifurahisha kwa kadiri nilivyoweza kufurahi wakati huo. Katikati ya ukahawia kulikuwa na kipande chekundu. Chekundu hasa, kama tofali. Mawe yake yalikuwa yamevunjikavunjika na kulaliana vizuri.

Nikasema, haya, hili ni gamba la kizazi kingine. Pengine nchi iliwahi kupata ukame mkali zaidi, ukaacha alama yake hapa. Nilipiga picha, nikaweka nyundo yangu juu ya mawe ili picha ionyeshe ukubwa, kama tunavyofundishwa. Nikachagua bonge moja zuri, kubwa kiasi cha mkate. Halafu nikaketi palepale juu ya mawe mekundu, nikala viazi vya mama.

Niliporudi Kitshanga nilimkuta amesimama mlangoni mwa hema.

"Nyumba haiko," nilimwambia. "Yeye sikumuona."

"Hukumuona amekufa?"

"Sikumuona kabisa, mama."

"Basi," alisema, akarudi kupepeta maharagwe yake.

Mawe yalikwenda Ulaya. Mimi nilirudi kwenye mitihani. Ilipita miezi mingi, nikawa nimesahau, mpaka ujumbe wa mwalimu ukaingia kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya maji. Sampuli za kahawia zilikuwa nzuri sana, aliandika. Zilikuwa na gesi ya kutosha, umri wake ulikuwa wa mamilioni ya miaka, na zote zilikubaliana. Ila lile jekundu lilikuwa tupu. Walirudia chembe nyingine, na nyingine. Hakuna gesi. Jiwe hili limepikwa, aliandika. Je, kuna mtu aliyechoma moto pale?

Nilikasirika. Nina hasira za karibu, na siku ile zilitoka bila kuitwa, mpaka yule mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni akageuka. Moto gani juu ya gamba? Hakuna kinachoota pale, mtu angechoma nini? Moto wa majani unapita upesi, hauingii ndani ya jiwe. Nilianza kumjibu kwa maneno makali ya kitaalamu, na katikati ya sentensi nikaacha. Chuma cha kahawia kikipikwa kinakuwa chekundu. Fundi wa tofali anajua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye ninayemfundisha. Nilikuwa nimeokota tofali nikaliita kizazi kingine cha mvua.

Basi nikafikiri ni wafua chuma wa zamani, mababu waliokuwa wakiyeyusha chuma kabla majembe hayajaanza kuja madukani. Nikamwandikia mwalimu hivyo. Alifurahi. Aliniuliza kama tunaweza kujua moto ule ulikuwa wa lini, kisha akajijibu mwenyewe kwamba hatuwezi. Moto ukishafukuza gesi, jiwe linaanza kuhesabu upya kutoka sifuri, na hesabu yake ni ya polepole mno. Moto wa mwaka jana na moto wa bibi wa bibi yangu, kwa mashine ile, ni kitu kimoja. Saa yetu haisomi miaka ya binadamu.

Nilifungua picha ili nimpelekee aone tanuri la mababu. Nyundo yangu ilikuwa pale, imelala juu ya mawe. Nikaanza kupima kwa nyundo, kama desturi, urefu wa lile eneo jekundu, kisha upana. Tanuri ni la mviringo. Hili lilikuwa refu na jembamba, kiasi cha mtu aliyelala, na pembe zake zilikuwa zimenyooka. Nikapima tena. Nilizima simu, nikaiweka kifudifudi mezani. Nilijua. Nakumbuka kwamba nilitaka chai.

Safari ya pili sikubeba nyundo. Mwendesha pikipiki aliona mfuko mtupu, akataka kutania, akaniangalia usoni, akaacha. Tulipofika tulimkuta mama mmoja akilima maharagwe karibu na ukuta wetu ule mmoja. Nilimfahamu, alikuwa jirani wa bondeni, wa kanisa letu. Alikuwa amerudi na wengine wachache kujaribu msimu. Aliegemeza jembe, tukasalimiana kwa kirefu kama inavyopasa, tukaulizana habari za watoto. Kisha nikamwuliza kuhusu kule juu.

"Eh, dada," alisema, akafuta mikono kwenye kitenge. "Nilifikiri mulisha kujua. Weye mwenyewe ulipanda kule na mufuko, banakuona. Tulisema, amekuja kulia ndugu yake."

"Sikujua, Mama. Nielezee."

Alinieleza akiwa amesimama. Kaka yangu alikuwa amejificha kule mgongoni na ng'ombe wake, chini ya lile gamba linalotokeza kama dari. Homa ikamkamata. Wachimbaji wa mashimo ya koltani ya Rubaya walikuwa wanapita juu na mizigo yao mgongoni, wakikwepa vizuizi vya barabarani, wakamkuta bado anasema. Alipokufa, wao ndio waliokuwepo.

"Ju ya nini habakumushusha huku?" nilimwuliza.

"Kumushusha wapi? Huku chini kulikuwa batu ba bunduki. Sisi wenyewe tulikuwa mu pori, tunabaangalia kwa mbali. Moja wao alitaka bamufunike na mawe, baende. Mukubwa wao akakatala. Akasema muntu hafunikwake na mawe sawa imbwa, muntu anaingia mu udongo." Alinyosha kidole kuelekea juu. "Lakini kule udongo iko chini ya ile chuma. Njo bakaanza kubeba kuni."

"Kuni za wapi?"

"Za huku, ku muto. Kule juu hakuna hata kamuti. Banashuka, banapanda. Kushuka kubeba kuni njo balitukuta mu pori, bakatuelezea. Bukungu ilikuwa mingi, moshi haikuonekana. Banachoma, banamwanga maji, jiwe inapasuka. Banatoa, banachoma tena. Ni vile banafanyaka mu mashimo yabo. Mupaka bakapata udongo. Kiisha bakapanga mawe muzuri juu, bakaomba, bakaenda."

"Ni watu gani? Unawajua?"

"Batu tu. Bakrezeri, bachimbaji ba mashimo. Habakurudia tena."

Tulipanda pamoja. Yeye ndiye aliyeomba. Lile pengo nililoliacha nilipochukua bonge langu lilikuwa bado wazi, ukubwa wa mkate, upande wa kichwani. Nilichukua jiwe jingine nikaliziba. Yule mama aliniuliza kama ninataka kukaa kidogo peke yangu, nikamwambia hapana, twende, mvua inakuja. Nilijisikia kama mguu ulioukalia muda mrefu, unajua ni wako kwa kuutazama tu. Hata aibu, ambayo ningeitegemea, haikuja.

Njia yote mpaka Kitshanga nilikuwa ninapanga maneno. Niliogopa swali moja. Niliogopa mama angeniuliza jiwe nililolitoa liko wapi, nami ningelazimika kusema kwamba limesagwa, likapashwa moto kwa mara ya pili, likaonekana halina faida.

Mama alikuwa ameketi nje. Alinitazama ninavyoshuka kwenye pikipiki, akasogeza kigoda. Nilimweleza yote, kuanzia homa. Nilimweleza na kuhusu jiwe, kwa sababu nilipofika hapo sikuona namna ya kuliruka. Alisikiliza ameshika magoti yake. Wala hakuuliza kuhusu jiwe. Aliuliza jambo jingine.

"Yule mama alikuwa mbali, mu pori. Yeye alionaka moshi? Hapana. Alisema bukungu. Sasa alijua namna gani kama balimuchimbia kweli? Pengine balimufunika tu, bakasema uongo."

"Mama, nilipaona."

"Uliona mawe. Hata mara ya kwanza uliona mawe." Sauti yake haikuwa na ugomvi. "Niambie kama balimuchimbia mutoto wangu ao balimufunika tu."

Miaka yote niliyofanya kazi hii, hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyewahi kuniuliza swali ambalo mawe yangu yangeweza kulijibu. Gamba lilifanyika lini, mvua ya zamani ilikuwaje, bonde liligeuka vipi kuwa kilele, hayo ni maswali ya watu wanaolala wameshiba. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuchoka nayo. Nikavuta kigoda karibu, nikamwambia kwa lugha yetu ya nyumbani.

"Mama, mule mu jiwe kuliwekwaka kitu, tangu zamani sana, mbele hakuna muntu. Haitokake kwa jua. Haitokake kwa moto ya majani. Ukiwasha moto kidogo, inatoka kidogo, ingine inabakia. Ile jiwe yake, balipima, balirudilia kupima. Hakuna kitu ilibakia ndani. Hata kidogo."

"Maana yake?"

"Maana yake balichoma moto kali sana, na ilikaa. Ingekuwa bamufunike tu, jiwe ingekuwa na kitu yake yote, sawa ile ya pembeni. Balimuchimbia, mama. Habakufanya haraka."

Nilidhani hakunielewa, na nilikuwa ninatafuta namna nyingine ya kueleza. Kisha alivua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akakiweka magotini. Akasema, "Sawa." Na hapo mama yangu, ambaye watu walisema moyo wake ni mgumu, alifungua kinywa akapiga ukelele uliowatoa watu katika mahema yote ya upande ule. Wanawake walikuja mbio. Walewale walionong'ona walimshika mabega, wakamtandikia mkeka, wakaketi naye. Mtu alikwenda kumwita mchungaji. Kilio cha kaka yangu kikaanza.

Mimi nilisimama pembeni na mikono yangu. Mwanamke mmoja, ambaye mikono mitupu ilimkera, aliniambia watu wanakuja, maji ya chai yatachemshwa na nini, niende nikatafute kuni. Nikaenda. Karibu na soko nilimkuta muuzaji, nikachukua mzigo mmoja. Akanifungia kamba, akaipitisha kwenye paji la uso wangu kama wanavyobeba mama zetu, akaniinua.

Sikuwa nimebeba kuni tangu nilipokwenda kusoma. Nilikuwa nimesahau uzito wake. Njia ilikuwa tambarare, na fupi, na hakuna aliyenifukuza. Nilipofika kwenye kona ya kanisa shingo ilikuwa inatetemeka, kamba inanikata, pumzi imekwisha. Nikafikiria mtoni mpaka juu mgongoni. Watu wasiomjua, wenye mizigo yao wenyewe, wanashuka na kupanda katika ukungu, na moto unaomba kuni zaidi.

Nikaketi chini na mzigo wangu palepale njiani, pikipiki zikinikwepa, nikamlilia kaka yangu.